Mate ya Mbwa Mweupe

"Toa kidole hapo, Chance," alisema Inspekta Mathilde. "Huyu mbwa hafi leo."

Koplo Chance alikuwa ameshapiga goti moja kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya Mzee Hamoud, huko Gihosha, na bunduki iko begani. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya tangi la maji. Alikuwa jike mkubwa, mweupe kama sufi inayochungulia kwenye ganda lake, masikio yamesimama wima, naye aliutazama mdomo wa bunduki kwa adabu, kama mgeni anayengojea kukaribishwa.

"Chef, mi nimetumwa tu," Chance alisema bila kuinuka. "Komisere amesema imbwa ipigwe asubuhi hii, na mulinzi apelekwe kwa procureur, akashitakiwe, saa tisa. Mi niko na mukubwa mumoja na amri moja."

"Sasa uko na wakubwa wawili. Inuka, unachafua suruali ya serikali."

Mathilde akaenda kusimama kati ya bunduki na mbwa, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mnene wa Musaga, mpelelezi wa miaka mingi, na wenzake kituoni walikuwa na msemo kwamba ukitaka Mathilde akae, mwambie asimame. Chance akamtazama, akatazama jua, akainuka.

Kesi yenyewe ilikuwa ya jana, Ijumaa. Wanaume wa nyumba hiyo wakiwa msikitini, na wanawake wakiwa mjini kwa fundi cherehani, mtu aliingia chumbani kwa Rania, binti wa Hamoud, akachukua kisanduku cha dhahabu ya harusi yake. Harusi ilikuwa mwezi ujao. Majirani walipokimbilia kelele walimkuta nyuma ya nyumba Yaseen, mpwa wa Hamoud na msimamizi wa duka lake la vitambaa, mguu ukivuja damu. Yaseen alisema kwamba aliwahi kutoka msikitini, akakuta geti wazi, akamkuta mlinzi Byamungu akimrushia mwenzake furushi juu ya ukuta. Na alipomkabili, Byamungu alimwamuru mbwa amng'ate. Byamungu naye alisema kwamba yeye alikuwa getini, hakumfungulia mtu, akasikia mbwa akibweka nyuma, akakimbia, akamkuta Yaseen chini ya ukuta tayari anavuja damu.

Neno lilikuwa dhidi ya neno. Lakini neno la mwana wa nyumba na neno la mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, hayapimwi kwa mzani mmoja. Byamungu alilala mahabusu.

Simu ya Mathilde ikalia. Alikuwa Komisere Régis.

"Mathilde, nasikia umesimama mbele ya bunduki."

"Ndiyo, Komisere. Na jua ni kali, tuseme haraka."

"Ile ni berger. Berger ni imbwa ya polisi, wanaifundisha kung'ata. Ule mulinzi ameitumia kama kisu. Kisu cha mwizi tunakifanya nini?"

"Tunakiweka kwenye mfuko, tunakipa namba. Hatukivunje kabla hakimu hajakiona. Huyu mbwa nimemuandika kielelezo. Mutu akimupiga, ameharibu kielelezo, na jina lake nitaliandika pia."

Régis alivuta pumzi. "Na zile nywele nyeupe zilikutwa chumbani kwa musichana? Imbwa haikanyagake ndani ya ile nyumba. Nani alizipeleka kama siyo mulinzi? Malaika?"

"Hilo njo nimekuja kuuliza."

"Saa tisa gari ya procureur itafika hapo. Ukiwa mikono mitupu, Byamungu anapanda, na Chance anamaliza kazi."

"Saa tisa," alisema Mathilde, akawahi kukata simu.

Akauzunguka ua polepole. Upande wa kulia palikuwa na zizi dogo la mbao, kondoo wanne wakitafuna majani. Kwenye baraza ya nyuma, kando ya bomba, palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo mwekundu uliochekechwa vizuri, juu yake umesawazishwa kama unga kwenye pishi. Alidhani ni wa maua, ijapokuwa maua hayakuwapo. Nyuma kabisa ulisimama ukuta, na juu ya ukuta vipande vya chupa vilivyopandwa kwenye saruji, kama nyumba nyingi za mlimani. Ng'ambo yake palikuwa na jengo lisilokwisha, halina mlinzi wala mlango. Mathilde alipanda kwenye ngazi, akachungulia kipande kimoja kimoja. Lakini jana jioni mvua ilinyesha, ikauosha ukuta kama mama anavyomwosha mtoto wa shule. Hapakuwa na damu, wala uzi.

"Ukuta umenyamaza," alisema akishuka.

Mgeni ambaye Mathilde alikuwa amemwita alifika kwa miguu kutoka Mutanga Sud, jasho likimtiririka. Alikuwa Dokta Annick, daktari wa mifugo, aliyevaa sketi nyeusi.

"Unisamehe," alisema. "Gari yangu imeisha mafuta, iko kwenye foleni ya esanse tangu juzi. Nimeiacha inishikie nafasi."

"Dokta, niambie kama unamuambia mutu hajawahi fuga hata kuku. Huyu ni mbwa wa polisi?"

"Ni ndugu ya mbwa wa polisi." Annick alichuchumaa hatua chache mbali na mbwa, akamgeuzia ubavu, akangoja. Mbwa alisogea kwa mashaka, akanusa kiwiko chake, akarudi kwenye nguzo. "Unaona? Huyu mi nilimuchanja, ananijua, na bado ananiuliza mara mbili. Mwili wake ni ule wa berger wa Ujerumani. Lakini waliotengeneza berger wa jeshi na wa polisi walikuja kuandika sheria kwamba mweupe hatakiwe. Walisema weupe ni kasoro, ni udhaifu. Watoto weupe wakikataliwa huko, watu wengine wakawapenda, wakawazalisha Amerika, kisha wakarudishwa Ulaya, na Waswisi njo waliwapa jina na karatasi."

Wakati huo Chance alikuwa amemleta Byamungu kutoka kwenye gari la polisi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, shati limekunjika kwa kulala chini, pingu mikononi. Alipomwona, mbwa alisimama kwa miguu ya nyuma hadi kamba ikakaza, akatoa sauti nyembamba kama mlango unaofunguliwa kwa siri.

"Basi na yeye ni mukimbizi," Byamungu alisema. "Anakataliwa kwao juu ya rangi, anapewa karatasi kwa jirani."

Chance alicheka, kisha akakumbuka kazi yake, akanyamaza.

"Endelea, Dokta," Mathilde alisema.

"Waliowafuga walichagua wapole, kizazi kwa kizazi. Huyu anaogopa mugeni kabla ya kumukasirikia. Anachagua mutu wake mumoja, anamufuata kwa macho siku nzima. Anabweka sana. Lakini uchungaji haujamutoka kwenye damu. Ukikimbia, atakuzunguka akurudishe kwa wenzako. Akikushika, anashika chini kwenye kisigino, anabana, anaachia. Mbwa anayejeruhi kondoo hana kazi kwa muchungaji."

"Kwa hiyo hawezi kung'ata."

"Sikusema hivyo. Kila mbwa mwenye meno anaweza kung'ata, sitakudanganya. Ila ukiniambia huyu amerarua mutu kwa amri, mi nitasema: nionyeshe." Annick alisimama, akajipangusa sketi. Kila alipopangusa, nywele nyeupe zilihama tu kutoka mahali hadi mahali. "Ona sasa. Wana manyoya tabaka mbili, na ya chini yanaanguka mwaka wote kwa joto letu. Kumukaribia nikivaa nyeusi ni ujinga wangu."

Mathilde aliitazama ile sketi kwa muda. Kisha akamgeukia Byamungu.

"Nywele kama hizi zilikutwa chumbani kwa Rania, kando ya kabati. Wewe njo unamubeba huyu mbwa kwenye nguo zako. Zilifika aje?"

"Mama, jana asubuhi maji yalikatika. Uulize nani alipandisha madumu juu."

"Uliingia chumbani?"

"Bafu ya Rania iko ndani ya chumba. Ningepitia wapi, kwa dirisha?"

"Kwa nini hukusema hivyo kituoni?"

"Nilisema. Yule alikuwa anaandika akaniambia nijibu ndiyo ao apana. Akaniletea karatasi nisaini, imeandikwa 'nakubali'. Nikasema sisaini. Akanipiga kofi, nikasema sisaini. Mi ni mukimbizi, siko mwizi."

Sauti ilitoka kwenye mlango wa jikoni. "Anasema kweli."

Alikuwa Mzee Hamoud mwenyewe, mwembamba ndani ya kanzu yake, ndevu zimechongwa. Duka lake mjini lilikuwa la babu yake. "Mimi nilimtuma apandishe maji. Madumu sita. Hakuna aliyeniuliza."

"Basi nywele zimetoka kwenye kesi," Mathilde alisema. "Mzee, na mbwa aliingiaje katika nyumba hii?"

"Aliachwa na mhandisi mmoja Mswisi, rafiki yangu, alipomaliza mkataba wake. Kwetu mbwa hafugwi kwa mapambo. Lakini wa kulinda mifugo ana ruhusa, nami huwa na kondoo wa Idi. Nikamwita Pamba, kwa kuwa maisha yangu yote nimeuza nguo. Anakaa ua wa nyuma na Byamungu. Ndani haingii, na mama yangu hajapata kumgusa."

"Na Yaseen?"

"Yaseen ndiye mkali zaidi. Akienda zizini huzungukia barabara ya nje ili asipite karibu naye. Akimkuta njiani humrushia jiwe."

Yaseen aliitwa. Alikuja akichechemea, kanzu nyeupe na kofia iliyotariziwa, uso mzuri wa kijana ambaye wateja wa kike humngojea yeye hata muuzaji mwingine akiwa hana kazi. Akasimama mbali na Pamba.

"Shikamoo, Inspekta. Bado hajauawa huyu?"

"Bado ana maswali. Tuonyeshe mguu."

Alipandisha kanzu. Jeraha lilikuwa upande wa nje wa shavu la mguu, juu karibu na goti, limeshonwa zahanatini kwa mstari mmoja. Annick aliinama.

"Limenyooka sana," alisema. "Mbwa ana meno juu na chini. Akishika na kuvuta, anaacha matundu pande mbili."

"Wewe ni daktari wa ng'ombe, dada."

"Na wa mbwa," Annick alisema. "Kwa hiyo meno yake nayajua. Lakini limeshonwa, Inspekta. Siwezi kuapa juu ya nyama iliyofungwa."

"Ulichomwa sindano ya kichaa cha mbwa?" Mathilde aliuliza.

"Ya nini? Mbwa wa nyumbani, ana chanjo. Si ninyi mliomchanja?"

Jibu lilikuwa sahihi. Njia hiyo nayo ikafungwa. Chance alitazama saa yake, akajifanya hakuitazama.

"Yaseen, Byamungu alitumia neno gani kumuamuru?"

"Alisema 'kamata'. Akaruka kama simba."

Mathilde alimwambia Chance amfungue mbwa, naye akamshika Byamungu bega. "Muambie anikamate."

"Mama, hajui neno hilo."

"Muambie."

Byamungu alitazama chini kama mtu anayelazimishwa kutukana mbele ya mkwewe. "Pamba. Kamata."

Pamba alimtazama usoni, akatazama pingu zake, akakaa, akainua mguu wa mbele.

"Anaomba kitambulisho," Chance alisema.

"Kwa nguvu," Mathilde aliamuru.

"Kamata! Kamata huyu mama!"

Pamba alilala chini, masikio yamelazwa nyuma, mkia ukifagia majani.

"Anajifanya," Yaseen alisema. "Jana hakuwa hivyo."

"Jana ulikuwa unakimbia?"

"Nilikuwa nakimbia, ndiyo."

"Vizuri. Na mi nitakimbia." Mathilde alivua kofia yake ya kazi, akampa Chance. "Ukiona damu, usipige mbwa. Unipige picha ya mguu, kisha unipeleke hospitali."

"Chef, uzito huo na mulima huu..."

"Shika kofia, Chance."

Akakimbia. Alikimbia kama anavyokimbia mtu mzima aliyeacha kukimbia zamani, kelele nyingi na safari fupi, kuelekea ukutani. Kondoo wakalia. Pamba aliondoka kama mshale, lakini hakumjia kwa nyuma. Alizunguka kwa upana, akabweka, akatokea mbele yake, akamgonga gotini kwa bega. Mathilde akageukia upande mwingine. Pamba akawa ameshafika. Mara ya tatu aliinamisha kichwa, akashika pindo la suruali pale kwenye kisigino, akabana, akaachia, kisha akamsukuma kwa ubavu, hatua kwa hatua, hadi Mathilde akajikuta kati ya Annick na Mzee Hamoud, mgongo kwenye mbao za zizi.

"Amekurudisha kwa wenzako," Chance alisema, akiwatazama kondoo.

"Nimekusikia. Nitakumbuka."

Alihema, akakunja mguu, akakagua. Kitambaa cha buluu kilikuwa na alama ndogo za meno, hakuna tundu. Pale kwenye pindo palilowa mate. Kutoka kisigino hadi kiunoni, suruali ilikuwa imevaa manyoya kama keki inavyovaa sukari.

"Hii inaonyesha tabia yake kwako," Yaseen alisema kwa utulivu. "Haionyeshi tabia yake kwangu. Mimi ananichukia."

Nalo lilikuwa jibu la akili. Mathilde hakubishana. Akauliza kama angeweza kupata maji ya kunywa, akapanda ngazi za baraza kuelekea jikoni.

Hakufika. Mlangoni alisimama Bi Kaltum, mama yake Hamoud, mtandio kichwani, fimbo mkononi, mdogo kama binti wa shule na mlango wote umejaa yeye.

"Hapo hapo, mwanangu. Maji nitakuletea. Ndani ni mahali pa sala, na wewe una mate ya mbwa mguuni."

"Nitajipangusa, Bibi."

"Hayapanguswi. Ni najisi nzito hiyo. Mahali pale pote huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo." Akaelekeza fimbo kwenye kopo la maziwa. "Kama ni nguo, huivai kwenye sala mpaka iwe imeoshwa hivyo. Rania alirambwa mkono wa gauni tu, tukakesha bombani."

Mathilde alisahau kiu. Alichuchumaa mbele ya kopo. Udongo ulikuwa laini, juu umesawazishwa, hauna alama ya kidole wala ya kijiko.

"Bibi, udongo huu uliwekwa lini?"

"Niliuchekecha mwenyewe Alhamisi, nikausawazisha kwa kifuniko. Udongo ananiletea Yaseen. Ndiye anayetukumbusha sote, hata mimi."

"Kuna udongo mwingine?"

"Wa nini? Huo hauishi."

"Na jana, baada ya vurugu, alasiri ilisaliwa wapi?"

"Hapa barazani. Hamoud na Yaseen, bega kwa bega, mimi nyuma yao."

Bi Kaltum alikuwa ameshafungua mdomo kusema jambo jingine. Akaufumba. Macho yake yakatoka kwenye suruali ya Mathilde, yakaenda kwenye kopo, kisha yakavuka ua mpaka kwa mjukuu wake.

"Ngoja kwanza, Bibi," Mathilde alisema kwa sauti ya chini. "Usiseme bado."

Akarudi uani, akamwagiza Chance alete mfuko wa vielelezo. Ulikuwa na suruali nyeusi ambayo askari waliichukua kwa Yaseen jana jioni. Mathilde aliufungua mbele ya wote, akawaonyesha kwanza kwamba lakiri haijaguswa. Akaikunjua suruali juu ya mbao za zizi, kwenye jua kali. Mpasuko ulikuwa mrefu, na kuuzunguka damu ilikuwa imekauka, ngumu kama ganda la muhogo.

"Dokta, tafuta unywele."

Annick aliipitia upande mmoja, akaigeuza, akaipitia tena, akachungulia mishono na mifuko. "Hakuna hata mumoja."

"Kwenye nguo nyeusi. Mbwa ameruka kama simba, amerarua, na hakuacha unywele."

"Nilifua," Yaseen alisema.

"Ulifua kwa nini?"

"Mate ya mbwa, Inspekta. Ninyi hamna sharti hilo. Kwetu hufuliwa mara saba, moja kwa udongo."

"Bibi amenifundisha sasa hivi. Udongo wa wapi?"

"Huo wa hapo."

"Udongo huo haujachotwa. Na damu hii? Maji mara saba yalitoa nywele zote, yakaibakiza damu?"

Yaseen aliitazama suruali. Ilionekana kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Basi sikufua," alisema. "Nilikuwa na maumivu, nilisahau. Mtu akiumia husahau. Nywele ziliondolewa na upepo."

"Njia ya mwongo ni fupi, kijana, na wewe unaitembea mara mbili." Mathilde akamgeukia Hamoud. "Mzee, jana alasiri ulisali na mpwa wako. Alivaa nini?"

Hamoud alikuwa mtu aliyepima vitambaa kwa mkono maisha yake yote, na sasa alionekana anapima jambo ambalo hataki kulikata.

"Suruali hiyo," alisema. "Alikuwa ametoka zahanatini. Askari waliichukua baada ya sala."

"Na damu?"

"Damu ya jeraha lako mwenyewe ina msamaha," Bi Kaltum alisema kutoka barazani. "Mate ya mbwa hayana."

"Mtu huyu," Mathilde alisema, "huzunguka barabara nzima ili asipite karibu na mbwa. Leo anatuambia mbwa alimzamishia meno, na baadaye alisimama kusali na mate yale yale mguuni, udongo ukiwa hatua chache kutoka alipopiga magoti. Mdomo wake ulituambia ameng'atwa. Mwili wake haukuwa na habari. Hakuosha, kwa sababu hakukuwa na cha kuosha. Kilichomchana ni chupa ya ukuta ule, wakati anatoka jinsi alivyoingia, akaanguka huku ndani. Dhahabu alikuwa ameshairusha ng'ambo. Pamba alipombwekea, ilimbidi apate mwizi na apate mbwa mkali, na wote wawili walikuwa hapa uani."

Yaseen alinyoosha kanzu yake. Rangi ilikuwa imemtoka, lakini kichwa hakikushuka. "Hiyo si hoja ya mahakama. Nionyeshe hakimu atakayemfunga mtu kwa sala."

"Labda hakuna," Mathilde alisema. "Lakini mi sikumuuliza hakimu."

Bi Kaltum alishuka ngazi, moja, kisha nyingine, fimbo ikigonga saruji. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya mjukuu wake, akimtazama kwa chini kwenda juu.

"Yaseen. Mimi sijui mambo ya polisi. Nijibu langu. Jana ulisimama mbele ya Mungu, ubavuni kwa mjomba wako, na najisi ya mbwa kwenye nguo, na unajua ipo. Ni kweli?"

"Bibi..."

"Ni ndiyo au siyo. Kama ni ndiyo, sala yako ilikuwa mchezo, na udongo wote ulioniletea miaka hii ulikuwa mchezo. Kama siyo, mbwa hakukugusa. Chagua, mwanangu. Zote mbili huzipati."

Kondoo mmoja alikohoa. Yaseen alimtazama mjomba wake, akamtazama Byamungu na pingu zake, akarudi kwa bibi yake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa.

"Sala yangu ilikuwa safi," alisema. "Hakunigusa."

Chance alitoa kalamu.

"Dhahabu iko wapi?" Hamoud aliuliza.

"Dukani. Niliiokota ng'ambo ya ukuta jana usiku, nikaificha ndani ya jora la satini nyeupe, rafu ya juu. Sijaiuza, na nisingeiuza. Nilitaka harusi isimame."

"Kwa sababu gani?"

"Mjomba anaijua sababu. Nilimleta mshenga kwako mara mbili."

Hamoud aligeuka akatazama zizi.

Mathilde aliomba ufunguo wa pingu, akaushika mkono wa Byamungu. Byamungu akauvuta mkono wake.

"Andika kwanza, mama."

"Niandike nini?"

"Kwamba mi siko mwizi. Muliniandika mwizi, na muhuri juu yake. Pingu zitatoka leo, maandishi yatabaki. Kesho mwingine atayasoma."

"Byamungu, kubali ufunguliwe, mikono imevimba," Chance alisema.

"Imevimba tangu jana. Inaweza kungoja mustari mumoja."

Mathilde hakucheka. Aliweka karatasi juu ya kibao cha zizi, akaandika, akamsomea kwa sauti, kila neno: kwamba Byamungu, mlinzi, hakuiba, hakumwamuru mbwa, hakukubali kosa lolote, na kwamba alipigwa kofi kituoni asaini asichokubali. Akatia sahihi. Hamoud akaomba kalamu, akatia yake chini. Ndipo Byamungu akanyoosha mikono.

Gari la procureur lilipiga honi getini. Simu ikalia wakati huo huo.

"Saa tisa, Mathilde," Komisere Régis alisema. "Byamungu anapanda?"

"Apana. Anapanda Yaseen. Dahabu iko dukani, mutu aende na muhuri."

"Na imbwa? Mukuu wa mutaa ameshatangazia watu kwamba itapigwa. Nani atamujibu?"

"Mi nitamujibu. Na kofi la Byamungu, Komisere, wewe njo utalijibu. Nimeliandika."

Alirudisha simu mfukoni. Yaseen alipita geti akichechemea, mgongo wima, bila kutazama nyuma. Byamungu alikuwa amechuchumaa kando ya tangi, na Pamba amemwegemea kwa uzito wake wote, mpaka mtu yule mrefu ikambidi ashike nguzo asianguke.

Bi Kaltum hakurudi ndani. Alivuka ua, mahali ambapo miguu yake haikupata kufika tangu mbwa yule aletwe, akasimama mbele yake. Pamba alirudi nyuma nusu hatua, akauliza kwa macho.

"Mama," Hamoud aliita. "Mama, utachafuka."

"Najua." Akahamishia fimbo mkono wa kushoto, akaunyoosha wa kulia, kiganja juu, akangoja kama Annick alivyongoja. Pamba akanusa. Kisha akauramba mkono ule mkavu, kutoka vidoleni hadi kwenye bangili, taratibu, bila kuacha mahali.

"Haya," Bi Kaltum alisema. "Tumekosana miaka, tumepatana."

Akaenda bombani, akafungua maji, akazamisha vidole kwenye udongo uliosawazishwa, akaanza kuhesabu kwa sauti, ili wote uani wamsikie.